Mwaka Rhoda Alipofundishwa Bifini

Jumapili, 29 Septemba 1867. Sikukuu ya Malaika Mikaeli.

Tumekula bata bukini. Kaka Obed kala mapaja yote mawili, kama kawaida yake. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa mkono, akamwekea mkewe Rhoda kiganja begani, akaniambia mbele ya vyombo vichafu, "Thirza, msimu huu umfundishe huyu kuoka bifini. Siku atakapotoa sinia zima pasipo hata tofaa moja kupasuka, tanuri ni lake, nawe utaondoka. Pa kwenda pamepatikana."

Nikamwuliza ni wapi. Akacheka. Akasema nitajua siku yenyewe ikifika, niache kiherehere.

Mimi si mjinga. Shangazi Jerusha wa Yarmouth aliandika tangu Julai kwamba anatafuta mtu wa kumwogesha na kumgeuza kitandani. Wasichana wawili wameshamkimbia kwa sababu ya fimbo yake. Huko ndiko ninakopelekwa. Tangu baba afariki ni mimi ninayesimama mbele ya tanuri hili, ni bifini zangu, matofaa yaliyookwa polepole mpaka yakawa bapa, zinazoliwa London kila Krismasi, na leo natolewa nje kama jivu. Na kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya kitoto kilichoolewa juzi tu mwezi wa Juni, ambacho hata uji wake una madonge.

Jumanne, 1 Oktoba.

Mvua. Uji una madonge.

Alhamisi, 3 Oktoba.

Bwana Amos Thirtle ameleta unga. Ndiye mwenye kinu cha upepo kule kilimani, mgane tangu mwaka juzi, ana watoto watatu wanaolelewa na dada yake. Ni mtu mzito wa maneno. Kila Alhamisi hushusha magunia, hunywa chai akiwa amesimama, huniuliza habari za kifua changu, kisha huondoka.

Leo hakuuliza kifua. Aliuliza, "Na huyu mke wa Obed, anaijua kazi ya tanuri?"

Nikamwambia, "Bwana Amos, huyo hata kazi ya sufuria haijui."

Akatazama chini. Alionekana kusikitika, nami nikajiuliza kinachomsikitisha ni nini.

Hakuna asomaye hapa, kwa hiyo naandika: nampenda mtu huyu. Mwaka mzima sasa ninavaa aproni safi siku ya Alhamisi, na Ijumaa narudia ile chafu.

Jumatatu, 14 Oktoba.

Tumechuma mti wa nyuma ya nyumba. Bifini haitikiswi wala haipigwi fimbo. Inashikwa kwa kiganja, inazungushwa, inatoka na kikonyo chake. Likianguka tofaa moja tu likapata alama, hilo ni la pai, si la tanuri. Rhoda alipanda ngazi na ribini kichwani kama anakwenda gulioni. Akaangusha kikapu kizima.

Halafu akaokota moja akaling'ata. Ungeiona sura yake. "Wifi, mbona gumu hivi? Na chachu!"

"Hilo si la kung'ata, wifi. Ukitaka kuling'ata ungoje Machi, likishalainika ghalani."

Alicheka mwenyewe, hana hili wala lile. Mtu asiyejua kukasirika ananichosha.

Alhamisi, 17 Oktoba.

Amos kaleta unga. "Rhoda ameshaanza kufundishwa?" Nikasema bado. "Mtaanza lini?" Nikasema wiki ijayo. Akanywa chai yake. Kifua changu hakukiulizia, ingawa nilikohoa makusudi.

Jumatatu, 21 Oktoba.

Somo la kwanza. Nitaandika jinsi kazi inavyofanywa, kisha niandike nilivyomfundisha.

Mikate ikishatoka asubuhi, tanuri huachwa mpaka ule ukali uishe. Matofaa yanapangwa mazima, na ganda lake, juu ya mabua makavu kwenye sinia, yanafunikwa mabua mengine, na juu yake bamba la chuma. Yanakaa humo mchana kutwa. Yakitoka, huyagusi. Unayaacha yapoe mpaka uweze kulishika moja ukaliweka shavuni lisikuunguze. Hapo ndipo unabonyeza, kwa kiganja, kidogo tu, kama unavyogusa utosi wa mtoto mchanga. Kesho yanarudi tanurini, yanatoka, yanapoa, unabonyeza tena. Siku ya saba yamekuwa bapa kama mkate uliokaliwa, ganda limekunjamana lakini ni zima, na ndani kumekuwa kama asali nzito. Tofaa jingine lolote lingekwisha kumwagika. Bifini peke yake ndiyo yenye ngozi ya kustahimili hayo, na hata yenyewe haistahimili haraka. Baba alikuwa akisema haraka haraka haina baraka, huku ananipiga kwenzi.

Nilimwambia Rhoda, "Yakitoka tu, wifi, yabonyeze. Yakingali moto. Usiyape nafasi ya kupoa, yakipoa yanakuwa magumu. Tia nguvu."

"Kwa nguvu kiasi gani?"

"Kama unakanda unga."

Akanishukuru. Akasema watu walimtisha kwamba mawifi ni wabaya, kumbe yeye amepata dada.

Jumanne, 22 Oktoba.

Sinia la Rhoda limepasuka lote isipokuwa mawili. Langu zima.

Obed hakupiga kelele. Alisema tu sheria ya nyumba hii aliyoiweka baba: anayepasua ndiye anayekula, wala hali kingine mpaka yaishe. Niliila sheria hiyo nikiwa na miaka kumi na mitatu, ninajua ladha yake. Ni uji mweusi, mchungu na mchachu, wenye mabua ndani. Rhoda alikaa mezani na bakuli lake, sisi tukala nyama ya nguruwe na viazi mbele yake. Alikula vijiko vinne akatoka nje mbio.

Nilisema, "Utazoea, wifi."

Alhamisi, 24 Oktoba.

"Vipi Rhoda, anaendelea?"

"Bado, Bwana Amos. Bado sana."

Hakumaliza chai.

Alhamisi, 31 Oktoba.

Sinia la pili la Rhoda na la tatu yamepasuka. Amekonda. Ribini hafungi tena.

Amos aliuliza kabla hata hajashusha gunia la kwanza. Nikamjibu bado. Akasema polepole, "Labda ni mwoga. Labda akielezwa kwa upole." Upole! Mimi nimesimama pale na aproni yangu safi, yeye anamhurumia mke wa mtu. Nimeelewa sasa. Wanaume wote ni wale wale, wakiona shingo nyeupe wanasahau hata jina la aliyewapa chai. Anamtaka. Hawezi kumpata, ila kumtaka anamtaka, na kila Alhamisi mimi ndiye wa kumpelekea habari zake.

Vema. Habari nitampa.

Jumamosi, 2 Novemba.

Jalidi ya kwanza. Nimekohoa.

Jumanne, 5 Novemba.

Vijana wamewasha mioto yao ya kila tarehe tano Novemba uwanjani na kelele zao zinafika mpaka hapa. Nyumbani kwetu hakuna sherehe.

Leo Rhoda alitoa sinia mwenyewe. Aliniuliza kama kawaida, "Nibonyeze sasa, wifi?" Nikasema sasa hivi, na mwaka huu matofaa ni magumu, asiogope, aliegemee bamba kabisa. Akaegemea na mwili wake wote. Sukari ya bifini iliyochemka ni mbaya kuliko mafuta, haidondoki, inang'ang'ania. Lilipasuka tofaa la ukingoni likamrukia kiganja cha kulia na vidole, naye badala ya kuachia bamba akalishikilia, kwa kuogopa kupasua mengine.

Hakupiga kelele. Alisema, "Wifi, wifi, wifi," kwa sauti ndogo, kama anayeniita chumba cha pili.

Nilimtumbukiza mkono kwenye ndoo. Ngozi ilibaki majini.

Obed alikuja, akatazama sinia kwanza, kisha mkono. Akasema, "Utakula kwa kushoto."

Alhamisi, 7 Novemba.

Amos alisikia gulioni. Kaleta mafuta ya bata bukini kwenye kikopo, kayachemsha yeye mwenyewe na majani sijui gani, ya kumpaka Rhoda. Yeye mwenyewe! "Kiganja kitapona kabla ya Krismasi? Ataweza kushika kazi?"

Mimi mwaka uliopita nilikohoa damu, akaniuliza kama nimejaribu vitunguu.

Nilimwambia, "Bwana Amos, yule hataweza kazi hii hata mikono yake ingekuwa minne." Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilikipokea kikopo nikakiweka nyuma ya pipa la chumvi, na huko kitakaa.

Jumapili, 10 Novemba.

Sikwenda kanisani. Kifua.

Ijumaa, 22 Novemba.

Ni leo tu nimeweza kushika kalamu. Homa ilinikamata Jumatatu ya tarehe kumi na moja, na siku nyingi hazimo kichwani mwangu kabisa. Obed alikuja mlangoni mara moja kuuliza ni lini nitanyanyuka.

Rhoda alikuwa nami. Kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa kitambaa, alinigeuza, aliniosha, alinilisha supu kijiko kwa kijiko, alichana nywele zangu zilizoshikana kama sufu ya kondoo. Mikate aliitoa yeye. Masinia yangu ya London aliyaendeleza yeye, na Obed anasema hayakuharibika, eti kwa kuwa nilikuwa nimeshayavusha sehemu ngumu. Nilipozinduka nilimkuta ameketi miguuni pangu anaimba kidogo kidogo. Sikumbuki mtu aliyewahi kuniimbia.

Nikamwuliza, "Nilisema mambo nikiwa na homa?"

"Ulisema mengi, wifi. Watu wa homa husema ovyo."

Jumatatu, 25 Novemba.

Baridi kali. Nimekaa jikoni karibu na moto, Rhoda ananishonea soksi kwa kushoto, mishono yake imekwenda kombo. Akanisimulia jinsi Obed alivyomposa. Baba yake alimwita shambani akamwambia, huyu ana tanuri, nenda. Hakuulizwa. Akasema usiku wa kwanza Obed alihesabu mashuka kabla ya kulala. Tulicheka mpaka nikakohoa.

Kisha akaweka sindano chini, akaniangalia usoni. "Wifi, kuna kitu chochote cha bifini ulichosahau kunifundisha? Fikiri vizuri."

Nikaiona Yarmouth, nikaiona fimbo ya shangazi. Nikasema, "Hakuna. Ni mkono tu, wifi. Mwingine anazaliwa nao, mwingine hazaliwi nao."

"Haya," akasema, akaokota sindano.

Alhamisi, 28 Novemba.

Amos. "Ameshaweza?" "Bado."

Amezidi kuzeeka huyu mtu.

Jumapili, 1 Desemba.

Kasisi amehubiri juu ya kuja kwa Bwana na wanawali waliolala bila mafuta. Sikusikia mengi. Nilikuwa nautazama mkono wa Rhoda kwenye kitabu cha nyimbo. Kitambaa kimetolewa. Vidole viwili vya mwisho vimejikunja kuelekea kiganjani, na ngozi inang'aa kama nta. Anafungua kurasa kwa gumba.

Roho inanisuta. Nimeiandika, basi imeandikwa. Mimi ndiye niliyeufanya mkono ule, na mkono ule ndio ulioninywesha supu.

Jumatatu, 2 Desemba.

Nimemwambia.

Nilingoja Obed aende na mkokoteni. Nikamwambia, "Wifi, nilikosea. Yaache yapoe kwanza. Ukiweza kuliweka shavuni, ndipo ubonyeze, kidogo tu, kwa kiganja." Sikusema nilikosea makusudi. Hapo ulimi ulikataa.

Aliendelea kufagia. "Yapoe kwanza?"

"Yapoe kwanza."

"Asante, wifi," akasema. Hakuuliza lingine. Akafagia mpaka mlangoni, akafagia tena palepale alipokwisha kufagia.

Nimelala mwepesi. Nikienda Yarmouth, nitakwenda. Fimbo ya shangazi si ndefu.

Alhamisi, 5 Desemba.

Obed ametangaza mezani: Rhoda atapanga sinia lake kesho, ataliendesha peke yake, mimi nisiguse, na Alhamisi ijayo litafunuliwa mbele yake. Amos alikuwepo anashusha unga, akasema atakuja asubuhi hiyo mapema, kama hatujali. Obed akamkonyeza. Sikuupenda ule ukonyezo.

Jumanne, 10 Desemba.

Nimechungulia sinia la Rhoda alipokuwa kisimani. Siku ya tano, halina hata ufa. Bapa, jeusi, zuri. Matofaa mazuri kama yangu. Nimejikuta najivuna kama kuku aliyetaga. Nimeanza kufunga sanduku langu: aproni mbili, gauni la kanisani, sufuria ndogo ya mama.

Alhamisi, 12 Desemba.

Naandika haraka.

Amos alifika amevaa koti la Jumapili, amenyoa, amejikata kidevuni. Alisimama karibu na mlango ameshika kofia kwa mikono miwili. Obed amekaa kitini na bomba lake la tumbaku. Rhoda alitoa sinia mara ya mwisho, mvuke unapanda, akaliweka mezani. Kazi yote iliyobaki ni kungoja na kubonyeza mara moja tu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilimwambia kimoyomoyo, ngoja, mwanangu, ngoja.

Hakungoja. Aliniangalia mimi, si Obed, mimi. Akachukua bamba la chuma, akaliweka juu ya yale matofaa ya moto, akaegemea kwa viwiko viwili na uzito wake wote, polepole, mpaka mwisho. Yalipasuka kwa mpigo. Uji ukamwagika mezani ukashuka sakafuni.

"Basi," akasema Obed. Hakukasirika hata. Alimgeukia Amos. "Si umeona mwenyewe? Labda mwakani."

Amos alitazama ule uji sakafuni. Akavaa kofia, akatoka. Chai nilikuwa nimemwekea.

Mimi sielewi. Nilimweleza vizuri. Pengine aliogopa kutazamwa. Na niandike ukweli wote: nilipoona uji ule sakafuni, nilifurahi. Nilisema moyoni, tanuri ni langu, Yarmouth haipo. Nilichukua kitambaa nikafuta huku najizuia nisiimbe. Nimelifungua sanduku langu, sufuria ya mama nimeirudisha msumarini.

Ijumaa, 13 Desemba.

Rhoda anakula bakuli lake bila kulalamika. Anakula kama mtu mwenye njaa.

Jumapili, 15 Desemba.

Theluji kidogo. Kasisi alisimama baada ya somo la pili akafungua kitabu cha matangazo ya ndoa. Akasoma, "Amos Thirtle, mgane, wa parokia hii, na Susanna Pegg, mwanamwali, wa parokia hii. Ikiwa yeyote kati yenu anajua sababu au pingamizi la haki..." Mara ya kwanza ya kutangazwa.

Susanna Pegg ni yule mfua nguo mwenye meno ya mbele makubwa. Watu waligeuka wakamtazama, akawa mwekundu. Nilikaa kama niliyemwagiwa ndoo ya kisima.

Mezani nilishindwa kunyamaza. Nikasema kwa kicheko, ili nisionekane, "Ama kweli dunia! Mimi nilidhani Bwana Amos anammezea mate mke wa mtu, kumbe anammezea mate dobi."

Obed aliacha kutafuna. "Mke gani wa mtu?"

"Si huyu hapa. Kila Alhamisi, Rhoda hivi, Rhoda vile, Rhoda ameshaweza?"

Kaka yangu alicheka mpaka akapaliwa na kiazi. Rhoda akampiga mgongoni kwa mkono wake mzima.

"We Thirza," akasema alipopata pumzi, "alikuwa wako huyo. Aliniomba wewe tangu mavuno. Nikamwambia, sikutolei mwokaji wangu bure, mimi si mwehu. Mke wangu aijue bifini kwanza, ndipo umchukue dada yangu. Na ukimnong'oneza neno kabla ya hapo, hakuna ndoa, maana akishajua ana bwana atafanya kazi mguu mmoja mlangoni. Ndivyo nilivyokuambia Sikukuu ya Mikaeli, pa kwenda pamepatikana. Wewe ulidhani wapi?"

"Yarmouth," nikasema.

"Kwa Shangazi Jerusha?" Akaanza tena kucheka. "Sasa mke wangu kashindwa, nami nimekula hasara gani? Nikamwambia labda mwakani. Mwakani Amos hawezi kungoja. Dada yake anaolewa Januari, watoto watalelewa na nani? Nipe chumvi."

Nilimpa chumvi.

Rhoda alikuwa ananitazama. Hakuwa na mshangao wowote usoni.

Jumatatu, 16 Desemba.

Nimepanda kilimani mpaka kwenye kinu. Sikuona haya, haya imeniishia. Upepo ulikuwa haupo, mabawa ya kinu yamesimama, na Amos alikuwa anakwangua jiwe la kusagia kwa nyundo. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amekaa juu ya magunia anakula ganda la jibini.

Nikamwambia, "Amos, sikujua." Ni mara ya kwanza nilipomwita bila kumwita Bwana.

Aliweka nyundo chini. "Obed alinifunga mdomo, Bi Thirza. Nikawa siwezi kusema, ila kuuliza naweza. Nilikuwa nauliza kila Alhamisi. Kila Alhamisi ulinijibu bado."

"Nilidhani unamtaka yeye."

"Yeye!" Akashangaa kweli. "Mimi nilitaka apone. Apone, ajifunze. Na wewe ulikuwa unacheka ukinijibu. Siku ile ya mafuta ulicheka. Nikasema labda ameshaambiwa, na hii ndiyo njia yake ya kunikataa, ananikataa kwa heshima. Hata hivyo nilikuja siku ile ya sinia, kwa kuwa moyo hausikii."

Nikamwambia avunje. Nikamwambia kasisi ametangaza mara moja tu, bado mara mbili, pingamizi linaweza kutolewa. Nilimshika mkono wa shati.

"Susanna alilia kwa furaha jana," akasema. "Mbele ya mama yake. Siwezi kumwaibisha mtoto wa watu hivyo. Wewe ungeweza?"

Alikuwa ananiuliza kwa dhati, akingoja jibu. Ni mtu mwema. Hajui mtu anayemwuliza ni nani, na sikumwambia. Nilimfuta mtoto wake mdomo nikashuka.

Jumanne, 17 Desemba.

Masanduku ya London yamepelekwa kituoni Norwich. Obed anasema mwaka huu ni mazuri kuliko mwaka jana.

Alhamisi, 19 Desemba.

Unga umeletwa na kibarua.

Jumapili, 22 Desemba.

Mara ya pili ya kutangazwa. Hakuna aliyesema kitu.

Jumatano, 25 Desemba. Krismasi.

Baada ya pudini Obed alilala kitini na kinywa wazi. Nikaenda chumba cha tanuri kukaa peke yangu, ndipo Rhoda aliponifuata na kisahani. Juu yake bifini moja. Nyeusi, bapa, ganda limekunjamana lakini zima pande zote, hata kikonyo kimelala vizuri. Nilidhani ni yangu.

"Nilitengeneza mimi," akasema. "Nilitengeneza kumi na mbili. Ulipokuwa mgonjwa."

Nikaiangalia.

"Uliniambia yote kwa homa, wifi. Uliigiza sauti yangu, 'nibonyeze sasa, wifi?', ukacheka mpaka ukalowa jasho. Nilikuwa nimekushika kichwa." Aliongea taratibu, kama anayeeleza mapishi. "Halafu ulipopona nikakuuliza. Unakumbuka? Nikakuambia ufikiri vizuri. Nilitaka useme tu. Ungesema siku ile, wiki inayofuata ungekuwa kwa Amos, maana mimi nilikuwa nikijua habari za Amos tangu Septemba. Obed aliniapisha nisikwambie. Nilikuwa nakula uji ule na kujikaza kwa ajili yako."

"Nilikuambia ukweli," nikasema. "Tarehe mbili nilikuambia."

"Uliniambia ulikosea." Akanyoosha mkono wa kulia chini ya macho yangu. Vidole viwili vile havinyooki tena. "Kushona kwa mkono huu siwezi. Fundi wa mifupa amesema ndivyo vitakavyokuwa. Kwa hiyo siku ile mezani nilifikiri kidogo, nikachukua bamba."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kuuchukua ule mkono niuweke usoni pangu, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

Obed alitokea mlangoni anajikuna, macho mekundu kwa usingizi. Akaiona bifini kwenye kisahani, akaikata kwa kisu chake cha mfukoni, akatia nusu mdomoni. Alifumba macho.

"Mwenyezi Mungu," akasema. "Hii ni kazi ya nani?"

"Ya dada yako," akasema Rhoda. "Mwingine ni nani katika nyumba hii anayeweza?"

"Huyu," akasema kaka yangu akilamba kidole, "haondoki hapa mpaka tumzike." Akala na nusu ya pili, akaniambia nisisahau kuchochea tanuri, kesho watu watataka mikate.